Usimlilie Aliye Hai

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa Juba ambao hadi leo nikiukumbuka mwili hunisisimka, ingawa jua lilikuwa limewaka na hapakuwa na kivuli cha kumficha hata paka. Sogea nikusimulie, maana nakuona ukikesha na simu mkononi ukitafuta habari za kukutisha, nami naijua njia hiyo inakoelekea.

Nilikuwa msichana, nimeolewa juzi tu. Mimi na mume wangu Wandera tulitoka Busia tukapanga chumba mtaa wa Hai Cinema mjini Juba, katika ua wa bibi mmoja wa kabila la Wabari ambaye kila mtu alimwita Haboba, yaani nyanya kwa Kiarabu cha Juba. Kiswahili alikuwa amejifunza ukimbizini Uganda, na alikisema kwa njia yake, asijali nani anacheka. Wandera alikuwa dereva wa lori. Alipakia saruji na unga mpakani Nimule, akaleta mjini, akarudi tena.

Barabara ile ilikuwa na sifa mbaya, haikusingiziwa. Lakini kuijua hatari ni kitu kimoja, kuikaribisha ndani na kuitandikia mkeka ni kingine. Mimi niliitandikia. Lori likishatoka tu, nilikaa kitandani nikaanza kumuua mume wangu kichwani. Leo nampindulia gari, kesho namtosa mtoni, keshokutwa namkutanisha na wenye bunduki. Nilidhani nikishaogopa kila kitu, hakuna kitakachonishtua. Kumbe bandu bandu huisha gogo, na gogo lilikuwa mimi.

Ndipo nikaanza kubishiwa mlango.

Ilikuwa saa za jua la utosi, wakati mtaa mzima umelala, wenye maduka wamejinyoosha juu ya maboksi. Ko, ko, ko. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, iliyokuwa karibu na sikio langu kuliko mlango: "Nabwire. Habari mbaya."

Nilifungua. Hapakuwa na mtu. Ua ulikuwa mweupe kwa jua, nguo zimetulia kwenye kamba, na katika vumbi alilolifagia Haboba asubuhi hapakuwa na alama ya mguu. Nikarudi ndani nikaufunga mlango. Kesho yake, saa ile ile, ko, ko, ko. "Nabwire. Habari mbaya." Na kila mara, mwanangu, nilifungua.

Sikumwambia mtu. Nilianza kujifunga kitambaa cheusi kichwani, nikijiambia ni kwa ajili ya vumbi. Mashati ya Wandera niliyakunja yakawa yanalala ndani ya sanduku kama ya marehemu. Wandera mwenyewe aliporudi, amechoka, ananuka dizeli na jasho, nilimwangalia nikaona uso wa rangi ya udongo. Nilimpa maji nikiukwepesha mkono wangu usiguse wake, nikiogopa utakuwa baridi.

"Nabwire, mbona unaniangalia hivyo?" aliniuliza.

"Hivyo vipi?"

"Kama watu wanavyoangalia jeneza."

Hofu ya mtu haikai kwake peke yake. Safari moja alirudi akakaa mbele ya chakula bila kukigusa. Mwisho akasema, "Nikuambie kitu, usicheke. Jana nikiwa njiani nilikuona. Ulikuwa umekaa kando yangu, kiti cha abiria, umejifunga hicho kitambaa, unalia. Nikakuita. Ukaniambia, 'Niache, naomboleza.' Nilikaribia kutoka barabarani."

Akakisukuma chakula kando. Wandera yule, aliyekuwa akiimba hadi majirani wanamnyamazisha! Asubuhi yake alipanda lori kama mtu anayepanda kwenda kunyongwa, na mimi nikarudi kitandani kungoja habari.

Mchana huo Haboba aliusukuma mlango wangu bila hodi. "Toka nje," akasema. "Kuja kaa na mimi."

Alinikalisha kwenye benchi chini ya rakuba, kile kibanda chake cha nyasi kilichokuwa kivuli cha ua mzima, akaweka ungo wa karanga kati yetu. Alianza kumenya. Mimi sikumenya. Nilikuwa nakitazama chumba changu kitupu, mlango wazi, giza ndani. Jua likafika utosini. Mtaa ukanyamaza.

Ko, ko, ko.

Safari hii sauti haikutoka nje ya mlango. Mlango ulikuwa mbele yangu na hakuna aliyesimama pale. "Nabwire. Habari mbaya."

"Haboba, umesikia?"

"Mimi iko sikia," akasema polepole. Uso wake haukuwa na mzaha. "Kila siku mimi iko sikia. Angalia mkono yako."

Niliangalia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunja ngumi juu ya ubao wa benchi, na hata nilipoutazama uligonga tena, ko, ko, ko, kama mkono wa mtu mwingine. Ngozi ya vifundo ilikuwa imechubuka. Nami siku zote nilidhani ni sabuni ya kufulia.

"Na ile sauti?" niliuliza.

"Mdomo yako. Wewe naita wewe mwenyewe, halafu wewe naenda fungua mlango." Akaushika mkono ule kwa viganja vyake viwili, akaushikilia mpaka ukatulia. "Biniya, binti yangu, wewe iko lilia nani?"

"Wandera."

"Wandera iko kufa?"

"Hapana."

"Mimi nazika bwana yangu. Nazika watoto wawili. Kila mtu anakufa siku moja. Hiyo ya kwako, wewe nazika yeye kila siku! Siku mauti inakuja kweli, wewe itakuwa na machozi gani?"

Nililia pale, mwanangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa namlilia Wandera, nilikuwa najililia mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi chakula cha hofu nilikuwa nakipika mwenyewe na kujipakulia.

Usidhani nilipona siku hiyo. Mazoea yana taabu. Kila jua likifika utosini Haboba aliniita, akanipa ungo, na mkono ukianza kukunja ngumi aliutia karanga. Kisha aliniuliza swali lile lile: "Leo macho yako imeona nini?" Hakutaka niseme mambo yatakuwa mazuri, hilo hakulijua yeye wala mimi. Alitaka nilichokiona. Nikasema: Wandera alikunywa chai yote. Alikagua breki. Aligeuka akanipungia mkono pale kona. Mwanzo nilitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Baadaye yalikuja yenyewe, na siku moja nikagundua jua limepita na sikusikia kitu.

Kitambaa nilikitoa. Wandera aliporudi nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto, wenye sugu. Akaanza tena kuimba.

Sasa nisikudanganye. Mvua za mwaka huo zilipokuja, dereva mwenzake alinikuta naanika nguo, akavua kofia. "Mama, lori la Wandera limeanguka pale Nesitu, njia ya Nimule."

Nilisubiri ile sauti iseme, "Si nilikuambia?" Badala yake nilisikia mdomo wangu ukiuliza, "Yuko hai?" Katika vifo vyote nilivyompa kichwani, sikuwahi hata mara moja kuuliza swali hilo.

"Yuko hai. Mguu umevunjika."

Nilichukua shuka, maji na dawa ya maumivu, nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka, kando ya kibanda cha chai cha madereva, amekunja uso kwa maumivu. Niliufunga mguu kwa vipande vya mbao, nikawahimiza wanaume wambebe, tukafika hospitali kabla ya jua kuzama. Mwanamke wa kitambaa cheusi asingeweza. Angekaa chini akaomboleza.

Usiku ule Haboba alikuja hospitali kukesha nami, nikamuuliza kama ni mimi niliyemwangusha kwa mawazo yangu. Alinikazia macho. "Mvua imenyesha, barabara iko teleza. Wewe sio mvua."

Basi shika hili, mwanangu. Mawazo yako si unabii, na hofu si upendo hata ikivaa kanga ya upendo. Wazo baya likija, uliza ni sauti ya nani. Lipe mkono wako kazi. Kisha sema ulichokiona leo kwa macho yako, japo ni kidogo: chai iliyonywewa, mtu aliyekupungia mkono. Fanya hivyo kila siku, ungali kijana, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi ni mzee, na siku nyingine mchana bado nausikia mkono wangu ukitaka kukunja ngumi. Naufungua, naendelea na kazi.

Mungu akupe macho ya kuona kilichopo. Msiba ukija, ukukute na nguvu. Furaha ikija, ikukute nyumbani. Nenda kwa amani, mwanangu, na wote uwapendao wafike salama.