Do Iliyokataa Kushika

Kila fundi wa simu hapa Migori anapolehemu, ule moshi wa risasi unanipanda puani, na mimi hukasirika hata kama simu yangu imepona.

Dada yangu alifungua kibodi mbovu ya kompyuta, akavuta nyaya zake hadi kwenye vipande vinane vya mkebe wa mafuta ya kupikia, alivyovipigilia juu ya ubao. Ukigusa kipande, kompyuta tuliyoazima kwa mjomba inaimba noti yake. Re iliimba, mi iliimba, zote ziliimba isipokuwa do ya kwanza. Wiki nzima aliilehemu, ikabanduka. Nilimshikia waya mpaka vidole vikababuka, na tukawa tunarushiana maneno kama mawe.

Ijumaa jioni ndipo alipogundua kwamba kipande cha do alikipigilia kinyume, upande wenye rangi juu. Akaikwangua rangi kwa kisu, akalehemu, risasi ikashika. Akainua kidole.

"Zima hiyo kitu," mama akasema kutoka mlangoni. "Jua limezama. Sabato imeingia."

"Mama, nibonyeze mara moja tu! Kesho jua likizama, mjomba anachukua kompyuta yake."

"Sabato ni Sabato."

Mama akachomoa waya wa stima yeye mwenyewe. Tukaketi sebuleni kufungua Sabato kwa wimbo, na mama, kama kawaida yake, akatutolea sauti ya kuanzia.

"Doooo," akaimba.

Dada alifunga mdomo, na hakuufungua hadi amina.