Mirija Miwili Katika Chupa ya Bia

Wasomaji, jina langu analo mhariri, na hukohuko likae. Umri wangu siujui sawasawa: reli ilipofika Kisumu nilikuwa nachunga mbuzi, hesabuni wenyewe. Shule niliikimbia mapema kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu. Naishi hapa Nakuru, nina mke mkali na meno machache, na leo nawaandikia kwa machozi.

Nilikuwa na rafiki, nitamwita Mukoya. Tulitia kuni pamoja kwenye gari moshi mpaka tukazeeka, na kila Jumapili tulikunywa busaa ya chungu kimoja. Kwetu kila mzee ana mrija wake mrefu, na mrija huo hauingii popote ila chunguni, mbele ya wenzake. Tulipoachishwa kazi, Mukoya alihamia Molo kwa mdogo wake, nyapara wa shamba la Mzungu. Huko baridi ikamkaa kifuani. Mwaka huu akawa mtu wa kulala tu, hali, hacheki.

Nikaenda kumwona. Mkobani nilikuwa na chupa ya bia ya ng'ambo, niliyopewa na mpishi wa hoteli moja hapa mjini. Zamani sheria ilitukataza bia ya chupa. Iliporuhusiwa, ile iliyopanda meli ikabaki ya wakubwa, na Mukoya alikuwa akisema hawezi kufa kabla hajaionja.

Kichwa chake kilikuwa hakiinuki, kikombe kingemwagika. Basi nikautoa mrija wake ukutani, nikatoa na wangu mkobani, tukaitumbukiza yote miwili chupani kama vijana wajinga. Povu likapanda, likamtokea puani.

"We mzee, umeniletea sabuni!"

"Nyonya polepole, hilo si titi la mama yako!"

Akavuta tena. Nami nikavuta. Jamani! Kwanza uchungu kidogo, kama mboga ya porini. Halafu utamu wa mkate uliotoka motoni sasa hivi. Mwisho harufu ya shayiri mvua ikikatika.

"Kumbe!" akasema Mukoya. "Na mimi nilidhani walitukataza kwa kutuonea huruma."

Akacheka mpaka kitanda kikalia. Mkewe, Mama Nekesa, alikuwa amesimama mlangoni akijifuta macho. "Tangu mvua za mwaka jana hajacheka hivi," akaniambia.

Nikataka kuondoa mirija. Mukoya akanizuia: "Iache hapo. Nikiamka nataka kuiona chupa yangu." Nikaiacha, nikarudi Nakuru. Hakuamka.

Nyapara ndiye aliyeingia akakuta mirija miwili katika chupa ya kigeni. Mazishini akaiinua juu watu wote waione. "Mzee gani hunywa na mgonjwa faraghani, nje ya chungu? Hii ilikuwa dawa ya kuua!" Watu wakanitazama kama fisi aliyeingia zizini. Nikamtazama Mama Nekesa. Akainamisha kichwa.

Baadaye alinifuata mpaka njia ya stesheni. "Shemeji, nisamehe. Ile nyumba ni ya shamba. Nikimpinga nyapara, nitalala wapi?"

Simlaumu. Nyapara akinong'ona neno moja tu kwa Mzungu, mama huyo yuko barabarani na sufuria zake.

Sasa matanga yanakaribia kumalizwa. Chungu kitawekwa, wazee watakizunguka, na mrija wa Mukoya utavunjwa. Kwetu anayeuvunja ni yule aliyenywa naye maishani, asije marehemu akahesabiwa kwamba alikufa bila rafiki. Mtu huyo ni mimi. Lakini nyapara ameleta ujumbe: nitakaribia chungu nikikiri kwanza, mbele ya wote, kwamba niliitia dawa ile chupa. La sivyo atauvunja yeye.

Mke wangu amesema, "Ukikiri, wajukuu wako wataitwa wajukuu wa mchawi. Nani atawaoa?" Na maneno yake ni kweli, ingawa sijamwambia hivyo, atavimba kichwa.

Mtu mmoja tu anaweza kunisafisha, aliyeniona nikinywa chupa hiyohiyo, naye nikimtaja nimemtupa nje. Nikikiri, nimemuua rafiki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikibaki nyumbani, Mukoya ataagwa na mikono ya aliyetutenganisha.

Chungu kinawekwa Jumamosi. Nishaurini, enyi wenye busara, na vijana pia: mngekuwa mimi, mngekwenda Molo kusema nini?