Mwaka Kahawa Mbichi Ilipokatazwa

Mama alikuwa mtu pekee niliyeweza kuongea naye bila kwanza kupanga maneno kichwani. Na hata yeye, niliongea naye vizuri zaidi sufuria likiwa motoni. Alikuwa anachemsha kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani. Unachuma matunda yaliyokomaa lakini bado ya kijani, kabla hayajawa mekundu, unayachemsha na majani yenye harufu, unayaanika mpaka yakauke kabisa. Kwetu Rubya mgeni akiingia anapewa hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Kuchemsha kunachukua muda, na moto unataka mtu wa kuukalia, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa naye pale. Niko kidato cha tatu, na kuna walimu ambao nadhani hawajawahi kusikia sauti yangu.

Baba anaishi Mwanza na mke mwingine. Naandika tu ilivyo. Mama na mimi tulibaki kwa babu, baba yake baba. Aliyetushika mkono ni shangazi, dada yake baba, ambaye aliolewa na Mwislamu wa Bukoba mjini, akasilimu, na sasa ni mjane mwenye kiwanda kidogo Ijuganyondo. Nikisema kiwanda, ni vyumba viwili na banda nyuma ya nyumba yake. Mama alichemsha na kuanika, shangazi na wanawake wake wakapakia kwenye vipakiti vyenye lebo na kuuza madukani, stendi, na kwa Wahaya wa Dar es Salaam wanaotamani vya nyumbani.

Halafu ukaitishwa mkutano wa kijiji. Bwana shamba alieleza vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Alisema watu wana haraka ya hela, wanachuma kahawa mbichi na kuichanganya na nyekundu, na mnunuzi wa nje akiionja anashusha daraja la kahawa ya kijiji kizima. Kuanzia msimu ule, kuchuma mbichi ni marufuku, na atakayekamatwa atalipa faini. Watu walipiga makofi. Babu naye alipiga, kwa kuwa ni mwanachama wa ushirika tangu ujana wake.

Mama akanyoosha mkono. "Na ya kutafuna je?"

"Mama, mbichi ni mbichi," bwana shamba akasema, kwa upole kabisa.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka. "Mkamwana, sasa sufuria lako utachemshia nini, mahindi?"

Watu wakacheka. Mama pia akacheka. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Njiani babu alikuwa anatafuna, shavu moja limevimba, na amekasirika. "Hawa walioamua hivi, wageni wao wanawakaribisha na nini? Soda?"

"Lakini ulipiga makofi, baba," mama akamwambia.

"Nilipiga kwa ajili ya bei."

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka misa tukamkuta shangazi amekaa barazani, mtandio umemteleza mabegani, viatu amevua. Alikuwa amezunguka ofisi za Muleba na za Bukoba. Alisalimu, akasubiri babu akae, ndipo akasema kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu baba, wameniambia kuna njia. Mwenye kiwanda akiwa na shamba lake, likapimwa na kuandikishwa kuwa ni la kahawa ya kutafuna tu, anaruhusiwa kuchuma mbichi humo. Nje ya hapo, hapana."

"Na wewe shamba unalo?"

"Mimi nina banda la kuku."

Babu alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu alishajua kinachofuata. Shangazi akaomba mibuni ya upande wa chini wa kibanja chetu, shamba linalozunguka nyumba, nusu ya mibuni yote. Alisema wazi mbele yetu sote: babu akikubali, kazi itaendelea kama zamani na mama atabaki nyumbani anachemsha. Akikataa, yeye ataachana na akamwani. Atanunua mashine ya kukaanga na ya kusaga, auze kahawa ya unga, maana nyekundu haijakatazwa na mtu. "Miaka yote nimesimama juu ya kitu kimoja," alisema, "na sikuwahi kujiuliza siku wakikiondoa nitasimama wapi. Sirudii. Ila kwenye mashine nahitaji mtu wangu, sio mtu wa kuokota." Akamtazama mama.

Mimi nilikuwa mlangoni na kikapu cha kahawa ya wageni mikononi. Pale ndipo nilipoelewa kwamba wanaongea pia habari zangu.

Babu akatikisa kichwa. "Nusu ya mibuni yangu ikitoka ushirika, mimi nitakuwa nusu mwanachama. Sijawahi kuona nusu mwanachama."

"Hakuna sheria inayosema hivyo, baba."

"Ipo machoni mwa watu."

Hakuna aliyegombana naye. Shangazi alikula ndizi, akaaga, akaondoka. Nilitaka kusema kitu, na nilikuwa nacho hasa, nilikuwa nimeshakipanga: kwamba mibuni ya chini ndiyo inayozaa kidogo, kwamba watu watasahau. Nilikisema moyoni mara nyingi mpaka gari la shangazi likawa limeshafika barabara kubwa.

Kwenye daftari langu la somo la biashara kuna mistari kuhusu kampuni kubadili bidhaa kwa sababu sera imebadilika. Faida zake, hasara zake. Kwenye mtihani niliipata yote. Hakukuwa na mstari kuhusu nani anabaki kupika.

Siku ya kuondoka kwenda kwa shangazi, mama alifunga nguo zake kwenye mfuko mmoja tu, nadhani makusudi, ili nisiogope. "Nakwenda kujaribu," alisema. "Likizo utakuja uone. Ukiniambia nirudi, nitarudi. Sitakuuliza sababu."

Basi nikawa mwenye nyumba. Nilipika, babu akala, akasikiliza redio, akalala. Sio mtu mbaya, ila anaongea na redio kuliko anavyoongea na mimi, na mimi pia sikumsaidia. Mama alipiga simu kupitia simu ya babu, nikawa najibu ndiyo, hapana, tumekula. Kwenye simu sina la kusema. Nilizoea kuongea huku nasukuma kuni, nikitazama moto, sio mtu. Shuleni wasichana wa darasa langu hunisogezea kiti nikipita, ni wema, lakini wakianza hadithi zao nakuwa bado natafuta pa kuingilia wakati wameshamaliza. Kuna jioni nilichemsha maji kwenye lile sufuria bila sababu yoyote, nikakaa.

Na lazima niandike hili pia: kahawa ya kijiji ilipanda daraja kweli. Watu walichuma nyekundu tupu, wakaanika juu ya turubai badala ya chini, na yule mzee wa mkutanoni akaanza kutembea kama yeye ndiye aliyetunga sera. Ningependa bwana shamba awe alikosea. Hakukosea.

Likizo ilipofika nilienda Ijuganyondo nikiwa na sentensi moja tu: Mama, rudi. Nilianza kuifanyia mazoezi tulipopita Kemondo, na mpaka nashuka nilikuwa nayo.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anacheka ndani ya banda, kicheko kirefu ambacho sikukijua. Alikuwa amevaa koti jeupe na wavu kichwani, amesimama kando ya mashine inayozunguka, na wanawake watatu wanamtania.

"Karibu mwanangu," shangazi akaniambia. "Mama yako alikuambia kwamba alituchomea gunia zima? Moshi mpaka jirani akaja na ndoo ya maji."

"Jirani alikuja kukutazama wewe," mama akasema, na wote wakaangua kicheko.

"Fundi, inanukia tayari," mmoja akamwita, na mama akageuka haraka kufungua mlango mdogo wa mashine. Fundi. Kwetu Rubya wanamwita mama wa fulani, au wanamwita yule aliyeachwa, wakidhani hatusikii.

Mchana akaja bibi mmoja getini kuulizia ya kutafuna. Shangazi akamwambia hawatengenezi tena. Bibi akauliza kama zimebaki hata chache. Shangazi akaingia ndani, akatoka na kipakiti cha unga kama zawadi, na bibi akakigeuza geuza mkononi asijue akifanye nini.

Jioni mama alinipeleka nyuma, penye mabeseni, tukakaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Hakuzunguka.

"Haya. Niambie."

Nilimtazama usoni, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa ananisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Kaa," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Alishusha pumzi. Alijaribu isionekane, akainama kuokota jani, lakini niliiona, na iliniuma kuliko siku aliyoondoka, kwa sababu siku ile tulikuwa wawili tusiotaka. "Na wewe utakuwaje?" akauliza.

"Nina mtihani wa kidato cha nne mwakani."

Hilo halikuwa jibu la swali lake, lakini alilipokea.

Niliporudi Rubya babu alikuwa kibarazani, redio imezimwa. Nadhani alikuwa ananingoja mimi.

"Ulimwambia arudi?"

"Hapana."

Akatazama kule chini kwenye mibuni yake, yote bado ni ya ushirika, imewiva. Nilifikiri atasema kitu kuhusu ile Jumapili.

"Kesho amka mapema," akasema. "Tuchume kabla ya mvua."

Nikamwambia sawa, nikaingia ndani kupika.