Simu Iliyokataa Vidole vya Mama

Niliondoka Nakuru Ijumaa asubuhi kwa sababu mama alikuwa hajapokea simu kwa siku tatu. Tangu baba afariki anaishi peke yake Ikonge, upande wa Nyamira, na ana shinikizo la damu. Wiki mbili kabla ya hapo, kabambe yake, simu ndogo ya kubonyeza vitufe, ilipoharibika, nilimtumia simu mpya ya tachi, yenye kioo kikubwa cha kugusa, ili tuwe tukionana uso kwa uso. Siku za mwanzo jirani yake Kemunto alimsaidia kupokea. Kisha Kemunto akasafiri, na mama akanyamaza.

Dada yangu Bosibori, anayekaa Nairobi, alinipigia Alhamisi jioni. "Nyakundi, kama mama hapatikani, hawezi kuendelea kukaa huko peke yake. Nenda umlete." Sikumpinga. Nilibeba begi tupu la kutilia nguo za mama.

Saa nne nilikuwa Kericho, mvua ikinyesha. Nilipiga tena. Ililia mpaka ikakata. Kutoka hapo hadi Nyansiongo nilikuwa nikipanga nitampigia nani kwanza iwapo nitaukuta mlango umefungwa kwa ndani.

Nyansiongo nilichukua pikipiki. Mwenye pikipiki, mtu wa makamo, aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa Mama Bosibori, juu ya kituo cha kupimia majani chai.

"Huyo mama nimemwona leo asubuhi," akasema. "Alikuwa anapeleka majani."

Nilimwomba aongeze mwendo.

Saa saba nilimkuta mama katikati ya michai, kikapu mgongoni. Aliponiona alisimama wima.

"Nani amekufa?" akauliza kwa Kikisii.

"Hakuna. Nimekuja kukusalimia."

"Ijumaa? Na kazi?"

Nyumbani simu ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa, na ilikuwa na chaji ya kutosha. Niliipigia kwa simu yangu. Picha yangu ikatokea kwenye kioo. Mama akainama, akaweka kidole gumba kwenye alama ya kijani, akakiburuta taratibu kama Kemunto alivyomwelekeza. Simu ikaendelea kulia. Akafuta kidole kwenye leso, akajaribu tena, kisha tena. Ikakata.

"Ni hivyo kila siku," akasema. "Nakuona, nakusalimia, halafu unaenda."

Nilimshika mkono. Amechuma chai tangu kabla sijazaliwa. Ngozi ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa ngumu kama soli, imepasukapasuka, utomvu wa majani umeipaka weusi usiotoka kwa sabuni. Kile kioo hakikuisikia ngozi hiyo kabisa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia na nini?"

Alimimina chai, akakaa. Kisha akasema kwamba angeweza kuomba simu ya mtu kituoni, lakini aliogopa. "Bosibori akisikia kwamba simu imenishinda, atasema nimezeeka, nihamie kwake. Mimi Nairobi nitachuma nini?" Akatazama begi langu. "Hilo begi mbona halina kitu?"

Nilimwambia ukweli. Hakukasirika. Aliinuka akaenda kuchambua chinsaga, mboga za jioni.

Jumamosi ilikuwa Sabato, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kwenda dukani. Tulipotoka kanisani nilimfundisha kutumia kidole kidogo cha mwisho, ambacho hakichumi chai. Mara kilikubali, mara kikafungua kamera ikatuonyesha dari. Bosibori alipopiga, mama alihangaika hadi simu ikakata, na mara hiyo hiyo yangu ikalia.

"Umeshapakia nguo zake?"

"Nipe mpaka kesho jioni," nikamjibu.

Jumapili saa tatu tulikuwa Kisii mjini, katika duka la simu karibu na soko. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alituwekea simu ya tachi kubwa kuliko ile niliyomtumia mama.

"Hii ni rahisi, mama. Ni kugusa tu."

"Kugusa ndiko kunanishinda," mama akamjibu, akamwonyesha viganja.

Mwenye duka alivitazama, akairudisha simu ile kabatini. Akaleta kabambe tatu. Mama alizijaribu moja moja, macho ameyafumba. Ya kwanza aliikataa: vitufe vyake vilikuwa vidogo, vimelala. Ya pili ilikuwa na vitufe vilivyoinuka, kila kimoja kikitoa mlio mdogo kinapobonyezwa. Akabonyeza sifuri mpaka tisa, akafumbua macho.

"Hii inanisikia."

"Lakini hutawaona wajukuu," nilisema.

Alifikiri. Nilijua hilo lilimuuma, kwa sababu wiki ile ya kwanza alimwita Kemunto kila jioni ili awaone. "Mwaka mzima sauti zao zitanitosha," akasema. "Sura zao waniletee Desemba."

Mwenye duka alihamisha laini, akatuwekea namba yangu kwenye kitufe cha mbili na ya Bosibori kwenye cha tatu. Mama alibonyeza tatu, akashikilia, akaweka simu sikioni.

"Bosibori, ni mama. Niko Kisii, nimenunua simu." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Hapana, siji. Ukitaka kujua kama niko hai, piga. Nisipochukua, basi mje."

Akanipa mimi. Bosibori akasema, "Haya. Tuone mwezi huu."

Jumatatu alfajiri nilianza safari ya kurudi na ile simu ya tachi na mkungu wa ndizi. Niliichagua simu ile kwa sababu mimi ndiye niliyetaka kumwona. Yeye alichohitaji ni kuweza kujibu, na sikuwa nimemuuliza.

Nilipokaribia Kericho simu ikalia.

"Umefika wapi?" mama akauliza. Nyuma ya sauti yake nilisikia majani yakikatika. Bila shaka simu alikuwa ameibana begani, mikono iko kazini.

"Kericho karibu."

"Sawa. Acha nimalize huu mstari," akasema, na akakata mwenyewe.