Nesi mzima nilivyojiletea TB kwa ubishi

Wakuu, jambo kutoka Lubumbashi. Mimi ni nesi wodi ya wanaume. Jina la hospitali silitaji, bado naihitaji kazi. Haya yamenikuta mwenyewe na mengine ni ya aibu.

Mkuu wetu wa manesi ni Mama Ngalula, mtu wa Kasai, mfupi, hana utani.

Akiingia kazini anaanza na madirisha. Anafungua yote, hata Juni, baridi ya huku ikiwa ya soksi mbili. Wagonjwa wakilalamika anajibu, "Muache upepo upite. Ile ni dawa ya bure."

Mwenye kikohozi anapewa mask na kitanda cha pembeni. Mama mwenyewe anavaa ile mask nzito inayobana pua mpaka inaacha alama.

Mimi nilimwita bata, kwa vile mask ile imechongoka kama mdomo wa bata. (Kisirisiri, sina wazimu.) Mask yangu ilikaa kidevuni, na akigeuka tu nafunga dirisha.

Akalazwa mzee mmoja wa Kilwa (ya huku kwetu Kongo, ya ziwani), muuza samaki wakavu. Mcheshi balaa. Nilikaa kitandani kwake siku nne tunapiga stori, anacheka anakohoa, anakohoa anacheka.

Siku ya tano majibu yake yakarudi: TB.

Labda si yeye aliyeniambukiza, kazini kwetu wako wengi. Ila baada ya miezi kadhaa nikaanza kukohoa. Suruali zikawa zinanivuka. Nesi mwenye diploma, nikawa nanunua dawa ya kikohozi sokoni kwa kujificha.

Mama Ngalula akanisimamisha koridoni na kikopo mkononi.

"Papa Ilunga, juma mbili uko unakohoa. Enda inje, uteme humu."

"Mama, ni vumbi tu."

"Basi utatema vumbi. Tutaipima."

Haikuwa vumbi.

Nyumbani mke wangu Odette alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Na mutoto?"

Binti yetu alikuwa na miezi saba.

Wakapimwa wote wawili. Hawakuwa na ugonjwa, namshukuru Mungu, lakini mtoto alianzishiwa dawa za kinga. Mimi nikapewa za kutibu, za miezi sita. Siku ya kwanza mkojo ukatoka rangi ya chungwa nikapiga yowe chooni, na ni mimi niliyekuwa nikiwaambia wagonjwa wasiogope hilo.

Wiki za mwanzo nililala chumba cha nje. Mtoto nilimwona kupitia mlangoni.

Siku daktari aliponiruhusu kumbeba, mtoto alinitazama kidogo, akalia, akamnyooshea mama yake mikono. Hakunijua.

Nimepona. Nilichojifunza: TB tunaijua vizuri sana ikiwa kwa mgonjwa. Ikiwa kifuani kwako unaiita vumbi. Kikohozi cha wiki mbili, pima, hata kama wewe ndiye unayepima wengine.

Manesi wa humu, kwenu mnajikinga vipi? Mask za maana zipo? Semeni. Matusi pia napokea, mpange foleni tu.