Dirisha la Mwisho

Mbunge wa mji hakubonyeza kengele kamwe. Aligonga kwa kifundo cha kidole, kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono wazi, kama walivyobisha hodi mafundi wa meli wa Greenock, bandari ya Uskoti, enzi ambazo mji ulikuwa na meli za kuunda. Bi Ishbel Geddes aliijua mikono hiyo ya mbunge, yenye makovu ya siku zake za kuchomelea vyuma. Aliijua na sauti yake, iliyokauka kwa kutamka uhuru wa Uskoti mbele ya viti vitupu. Kila Jumamosi mbunge alipopita aliinua macho kwenye dirisha la Bi Ishbel, kuitazama karatasi ya NDIYO aliyoibandika mwenyewe mwaka wa kura ya maoni ya uhuru. Zamani mtaa mzima ulikuwa nazo. Sasa ilibaki hiyo moja.

“Ingia unywe chai,” Bi Ishbel alimwambia. “Halafu unibandulie karatasi yako.”

“Uchaguzi ujao, Bi Ishbel, uhuru tutaupata tu...”

“Ujao, ujao! Marehemu mume wangu naye ulimwambia ujao. Wajukuu wamehamia London. Nimngojee nani, mwanangu?”

Hakubishana, yeye aliyezoea kubishana na mawaziri. Alipanda kiti, akakwangua gundi kwa ukucha, polepole, asiichane. Jua lilikuwa limeyala maandishi yote. Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani, akapangusa kioo kwa mkono wa koti. Chai hakuigusa.

Jumamosi iliyofuata Bi Ishbel alimwona akipita. Mbunge aliinua macho kwenye dirisha lile lile, kwa mazoea, kisha akayashusha upesi, kama mtu aliyemwita marehemu kwa jina akitaraji ataitika.