Madarasa ya Ndugu Yangu

Mimi nilisoma hadi darasa la nane tu, kwa hivyo mambo ya chuo nayaandika vile nilivyoyaona kutoka jikoni kwangu hapa Matisi, mtaa wa Kitale. Pengine mahali nimekosea.

Mume wangu anafundisha chuo kikuu upande wa Bungoma. Kila Ijumaa alikuwa akifika nyumbani Kitale na gunia la karatasi za mtihani, anazimwaga mezani, na hatumpati tena mpaka Jumapili kanisani, ambako anasinzia ibada nzima. Presha ikapanda. Daktari akamwambia apunguze kazi. Alicheka, kwa sababu haikuwa yake kupunguza.

Ndugu yangu mdogo alikuwa akifundisha chuo hichohicho, lakini yeye hakuandikwa kazi. Alilipwa kwa kila darasa alilopewa. Ndiye aliyejua hii akili bandia, na ni mimi niliyemwomba amsaidie shemeji yake. Akaja Jumamosi moja, akamwonyesha jinsi ya kupiga picha karatasi na kuipa mashine majibu yanayotakiwa, halafu inapendekeza alama na kueleza mwanafunzi amekosea wapi. Lazima niseme ukweli, ilifanya kazi. Mume wangu alizipitia zote kwa macho yake mwenyewe, na makosa ya mashine hayakuwa mengi. Watoto wa watu walipata maelezo ambayo yeye hakuwa tena na nguvu ya kuwaandikia. Na akaanza kulala kitandani.

Basi kwenye mkutano wa idara akaisifu. Alitaka wenzake nao wapumue, ndivyo anavyosema, na mimi namwamini. Aliwaambia kazi ya wiki sasa anaimaliza kwa siku moja. Mkuu wa idara akasikia. Yeye naye alikuwa ameamriwa apunguze matumizi, sitaki kumfanya mtu mbaya. Muhula uliofuata, madarasa ya ndugu yangu yakapewa mume wangu, ati sasa ana nafasi. Anasema alikataa, akaambiwa imeshapitishwa. Alikataa kwa nguvu gani, sijui. Sikuwepo.

Gunia likarudi, mawili hata, mashine au bila mashine. Dawa za presha ameongezewa. Ndugu yangu sasa anavuka mpaka pale Suam kununua maharagwe, anakuja kuyauza sokoni Kitale, na kwetu akaacha kufika.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, alikuja. Nikachinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anajua, lakini mume wangu aliitoa kwenye sahani yake akaiweka kwa ndugu yangu.

"Kula, shemeji."

Ndugu yangu aliiangalia. "Ipe ile mashine, bana. Si ndiyo inafanya kazi yangu."

Akacheka. Tukacheka naye, maana tungefanya nini. Firigisi ikabaki pale pale.

Tangu asubuhi kompyuta ya kusahihishia ilikuwa imekwama, inakataa picha za karatasi mpya. Mume wangu hakutaka kusema. Ni mimi nilisema, na sijui kama nilifanya vizuri. Ndugu yangu akanawa mikono, akaketi, akaitengeneza. Karatasi zenyewe zilikuwa za wanafunzi aliokuwa akiwafundisha yeye. Akachukua moja, akaisoma hadi mwisho.

"Huyu imemnyima alama. Mwandiko wake ni mbaya, lakini anajua. Muongezee, shemeji."

Mume wangu akaisoma pia, polepole, akaongeza alama. Kisha akasema Jumatatu ataenda kumwona mkuu tena kuhusu yale madarasa. Ndugu yangu akasema sawa, akachukua koti lake.

Jumatatu jioni mume wangu alipiga simu kutoka Bungoma. Akaulizia watoto, akauliza kama mvua imenyesha. Nilingoja aniambie ya mkuu. Akasema amechoka, tukaagana.

Haukupita muda, ndugu yangu naye akapiga.

"Dada, amesema nini?"

Nikamwambia hajasema kitu. Akaniambia basi, kesho anarudi Suam, kama nataka maharagwe nimwambie mapema.